Jina moja kwenye kadi tatu: kifua kikuu, VVU na kilabu cha mbege mjini Moshi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kituo cha afya kimoja cha Moshi mjini, ambako ninafanya kazi kama muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu. Majina nimeyaondoa, umri na kazi za watu nimezibadilisha kidogo, mtaa siutaji na mwaka nimeuacha. Mama mwenye kilabu na mgonjwa ninayemwita Bwana M walisomewa maelezo haya wakaridhia yaandikwe. Nimeyaandika kwa sababu makosa mawili makubwa tuliyoyafanya ni ya kawaida kabisa, na naamini yanafanyika leo kwenye kliniki nyingine zinazoendeshwa na watu wenye nia njema kama sisi.

Mahali na watu wake

Ni mtaa wa watu wa kipato cha chini. Wanaume wengi ni wapakiaji wa mizigo, mafundi, wasukuma mikokoteni na vibarua wa msimu. Kazi ikiisha saa kumi jioni, hawaendi nyumbani moja kwa moja. Wanapita kilabuni.

Anayeijua Kilimanjaro anajua kuwa kilabu cha mbege si baa. Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, ikatiwa uchungu kwa gome la msesewa, na haikai: kesho yake imeshachachuka. Kwa hiyo watu hukaa mpaka ndoo iishe. Hapo ndipo mtu anaposikia kibarua kinapatikana wapi, nani kafiwa, nani bado hajatoa mchango wa harusi. Kata ya kibuyu huzunguka kutoka mkono huu kwenda mkono ule, na anayenyimwa kata anajua ametengwa.

Kilabu ninachokizungumzia kilikuwa chumba cha mbao na mabati, hatua nane kwa tano, mlango mmoja, dirisha hakuna. Benchi zimefuata kuta, ndoo katikati. Siku ya kawaida hukaa watu ishirini hadi thelathini, saa tatu au nne mfululizo.

Kifua kikuu (TB) si mgeni mkoani kwetu. Kibong'oto, wilayani Siha, ilianza mwaka 1926 kama sanatoriamu, yaani hospitali ya kulaza wagonjwa wa kifua kikuu, na ndiko Tanzania ilikoanza kutibu TB sugu mwaka 2009. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na kazi iliyofanywa hapa nchini na daktari Karel Styblo ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa mkakati wa DOTS, wa mgonjwa kumeza dawa akiangaliwa, ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza kote katika miaka ya 1990. Rejista, kadi ya matibabu, msaidizi anayemwona mgonjwa akimeza dawa: vyote tumevirithi huko. Navitaja kwa sababu kisa hiki hakikugunduliwa na mashine. Kiligunduliwa na kadi.

Bwana M

Alikuja mwishoni mwa Novemba. Miaka 41, kilo 47, mpakiaji wa mizigo ambaye sasa hakuweza kubeba hata gunia la vitunguu. Alikuwa anakohoa tangu Julai. Katika miezi hiyo alipita duka la dawa mara tatu, akauziwa amoksilini na dawa ya maji ya kikohozi. Alikwenda zahanati mara mbili, akapimwa malaria, haikuonekana, akaandikiwa antibayotiki. Watu watano walimsikiliza akikohoa na hakuna hata mmoja aliyemwomba makohozi.

Sampuli yake ilipita kwenye GeneXpert. Mashine hii, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwishoni mwa 2010, hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi na huonyesha pia kama vimelea vina usugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB. Jibu lilisema vimelea vingi, usugu hakuna. Siku hiyo hiyo tukampima VVU. Alikuwa navyo, na CD4 zake, yaani seli za kinga ya mwili, zilikuwa chini ya 100.

Tulianza dawa za TB palepale. Siku ya kumi tukaongeza ARV, kwa sababu mwongozo unataka zianze ndani ya wiki mbili, isipokuwa kwa mwenye TB ya utando wa ubongo. Rifampisini huharakisha ini kuivunja dolutegraviri, moja ya ARV tatu zilizomo kwenye kidonge kiitwacho TLD, kwa hiyo mgonjwa wa aina hii humeza TLD asubuhi kisha kidonge cha ziada cha dolutegraviri baada ya saa kumi na mbili. Tulimwambia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, taarifa ya habari inapoanza redioni.

Mke wake hakuwa na TB wala VVU, akaanzishiwa dawa za kujikinga na VVU wakati tukisubiri virusi vya mumewe vishuke. Mtoto wao mdogo, wa miaka mitatu, alipewa dawa za kuzuia TB. Mkubwa hakuwa na dalili. Kwenye rejista tukaandika: wanakaya watatu, waliochunguzwa watatu. Asilimia mia. Kwenye kikao cha mwezi tulipongezwa.

Jambo moja zaidi lilifanyika siku ile, na wakati huo hakuna aliyeliona kuwa jambo. Mwenzangu alimuuliza kama anakunywa. Akasema, "Kidogo." Mwenzangu akamwambia, kama tulivyozoea kuwaambia wote: "Sasa pombe basi. Dawa hizi hazichanganywi na pombe."

Simu

Mwishoni mwa Januari, baada ya miezi miwili ya dawa, makohozi ya Bwana M bado yalionyesha vimelea kwa hadubini. Hatukutumia GeneXpert kupima kama anapona, maana mashine hiyo husoma hata mabaki ya vimelea vilivyokufa. Tuliitumia tu kuangalia kama usugu umezaliwa. Haukuwepo. Tulimuuliza kama anameza dawa vizuri, akasema anameza. Tuliandika "ameshauriwa". Mwezi wa tatu wa matibabu hadubini haikuona kitu, tukapumua.

Wiki ileile ya Januari alikuja kijana mpaka rangi mwenye TB. Katikati ya Februari akaja dada mmoja muuza vitafunwa, naye ana TB na VVU. Mitaa yao ni tofauti, hawana undugu. Kila mmoja tulimuuliza swali la kwenye fomu, unaishi na nani, tukawapima aliowataja.

Mwanzoni mwa Machi yule dada hakuja siku yake. Nikapiga namba ya msaidizi wake wa matibabu. Akapokea mama mtu mzima. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikasema ninapiga kuhusu mgonjwa wake. Akaniuliza:

"Unamuulizia yupi, mwanangu? Maana ninao watatu."

Nilifungua kabati nikatoa kadi. Namba ile ile ya simu, kwa miandiko mitatu tofauti, mmojawapo wa kwangu mwenyewe, iko kwenye kadi ya Bwana M, ya kijana mpaka rangi na ya yule dada. Kwenye nafasi ya uhusiano tuliandika "shangazi", "jirani" na "mama mkubwa". Alikuwa mwenye kilabu.

Alikuja kliniki kesho yake asubuhi kwa miguu, kanga mbili, mkononi kifuko cha parachichi kwa ajili yetu. Nilimuuliza kwa nini watu watatu wasio ndugu zake wamemwandika yeye. Akashangaa swali lenyewe. "Wangemwandika nani? Nyumbani hawakai. Mimi ndiye ninayewaona kila siku." Kisha, bila kuulizwa, akaongeza habari iliyotuumiza:

"Lakini huyu M wenu siku akinywa hamezi. Mlimwambia zisichanganyike. Na mwanangu, siku gani hanywi?"

Tulimwita Bwana M, tukamwomba aje na dawa zote zilizobaki. Katika dozi za siku 28, tisa zilikuwa bado kwenye karatasi yake. Hakuwa mkaidi. Alikuwa ametii maneno yetu kwa uaminifu kabisa: hawezi kuacha pombe, basi siku ya pombe anaacha dawa, ili asijidhuru. Kidonge cha saa mbili usiku alikuwa karibu hakijui, kwa sababu saa mbili usiku yupo kilabuni.

Tuliyoamua, na sababu zake

Jambo la kwanza halikuhitaji kikao. Tulibadilisha maneno siku hiyohiyo. Sasa tunasema: "Umekunywa, hujanywa, meza." Pombe tunaizungumzia kando, kama ugonjwa mwingine unaohitaji muda. Hatari yake hatuifichi. Isoniazidi, dawa nyingine ya TB, na pombe vyote huliumiza ini, hivyo tunamwonyesha mgonjwa dalili za kumkimbiza kwetu: macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa kama chai ya rangi, kutapika, kukosa hamu ya kula kabisa. Tunahakikisha anapata vitamini B6 kwa ajili ya ganzi ya miguu. Dozi zote za asubuhi anameza kabla hajatoka kwenda kazini. Kidonge cha jioni Mama alikubali Bwana M akitunze kwenye mfuko wa shati, na saa mbili ikigonga redioni yeye humwangalia tu. Neno hakuna. Bwana M hugusa mfuko.

La pili lilitugawa. Mwenyekiti wa mtaa alipopata fununu kuwa kuna TB kilabuni, alitaka pafungwe mara moja, na mwenzetu mmoja aliona ni sawa: chanzo kimejulikana, kiondolewe. Mimi na mratibu wa kifua kikuu wa wilaya tulipinga. Wanywaji wasingeacha mbege kwa sababu mlango umefungwa. Wangetawanyika kwenye vilabu vingine vitano, pamoja na kikohozi chao, na sisi tungempoteza mtu pekee anayewajua wote kwa majina. Tena Mama angekuwa ameadhibiwa kwa kusema kweli, na baada yake nani angesema? Mwenyekiti alikubali kusubiri miezi miwili.

La tatu lilikuwa namna ya kwenda. Tukiingia na makoti meupe kutafuta TB, kila mtu atauliza nani kaileta, na kila mtu tayari anajua Bwana M alikonda. Kwa hiyo tulikwenda kama upimaji wa afya kwa wote: shinikizo la damu, sukari, uzito, maswali ya TB, na VVU kwa anayetaka, kwenye hema dogo upande wa pili wa uzio. Tuliomba ruhusa ya watatu wenye kadi kabla ya kwenda. Yule dada alisita siku mbili, kisha akasema nendeni, ila msinisalimie kwa kunijua. Hatukumsalimia kwa kumjua.

Jioni tatu kilabuni

Jioni ya kwanza tulifika saa kumi na nusu, mvua za masika zimeanza. Mzee mmoja wa pale alitupokea kwa bashasha. "Shimbonyi! Karibuni, dada. Lakini sisi tulishachukua hatua mapema." Akanionyesha rafu. Kulikuwa na vikombe vya plastiki zaidi ya ishirini, kila kimoja kimechorwa alama kwa msumari: msalaba, nyota, herufi, jembe. Tangu Bwana M augue, walikuwa wameacha kata. Ilitundikwa ukutani, kavu, na utando wa buibui juu yake.

Niliitazama ile kata nikakosa la kusema kwa muda. Hawa watu walikuwa wameacha kitu wanachokipenda, desturi ya baba zao, ili wajilinde. Na haikuwalinda. Kifua kikuu cha mapafu hakipiti kwenye kata wala kikombe. Kinapita hewani, kwenye chembe ndogo zinazotoka mtu anapokohoa, kuimba au kucheka, na zinazoelea kwa saa kadhaa mahali pasipo na upepo. Kwa sababu ya mvua walikuwa wamehamia ndani wote na kufunga mlango nusu.

Bati la ukuta wa magharibi lilikuwa na tundu la msumari, na mawingu yalipofunguka kidogo jua la jioni likaingia pale kama uzi. Ndani ya uzi ule vumbi lilikuwa linaelea, linapanda na kushuka bila haraka. Nikawaambia wautazame. Nikamwomba mzee apige makofi karibu na ule mwale, vumbi likavurugika kisha likarudi kuelea vilevile. Nikasema, kikohozi kinaacha vitu vidogo kuliko hivyo, hamvioni hata jua likiwaka, na vinakaa humu mpaka mnamaliza ndoo. Kikawa kimya. Kisha kijana mmoja akauliza swali ambalo sijalisahau: "Kwa hiyo M tulimtenga bure?"

Makohozi yalitusumbua. Jioni ya kwanza tuligawa vikopo ili watu walete sampuli ya asubuhi kituoni. Vikopo kumi na moja vilitoka, viwili vilirudi. Asubuhi mtu anawahi kibarua. Jioni ya pili tulichukua sampuli palepale, chini ya mparachichi nyuma ya kilabu, mmoja mmoja, upepo ukitoka mgongoni kwetu, tukazituma kwenye kisanduku cha barafu kwa bodaboda. Sampuli ya asubuhi huwa nzuri zaidi, lakini iliyofika maabara ndiyo inayopimika.

Kwa jioni tatu tulizungumza na watu 58. Wenye dalili walikuwa 21, waliotoa makohozi 19, wenye TB wanne. VVU walijipima 33, na wawili walikuwa hawajui kuwa wanavyo. Mmoja wao ni kati ya wale wanne.

Mzee K

Kati ya wale wanne alikuwapo mzee wa miaka hamsini na kitu aliyekuwa akitumia ARV kwa miaka mingi. Kwenye faili lake la CTC, kliniki ya VVU, alikuwa mgonjwa tulivu, anayechukua dawa za miezi sita kwa mkupuo. Utaratibu huo ni mzuri, umewapunguzia watu nauli na foleni. Lakini safari mbili za mwisho dawa zilichukuliwa na ndugu yake. Na zote mbili fomu ya uchunguzi wa TB ilijazwa: kikohozi hapana, homa hapana, kupungua uzito hapana, jasho la usiku hapana. Mtu mwenyewe hakuwepo. Kipimo chake cha mwisho cha wingi wa virusi kilikuwa cha zaidi ya mwaka mmoja nyuma.

Alipokuja chini ya mparachichi alikuwa anashika mti ili asimame. Jibu lilitoka usiku huo, tukampeleka hospitali asubuhi. Alifariki siku ya kumi na mbili.

Mama alitwambia Mzee K alikuwa akikohoa tangu Pasaka ya mwaka uliotangulia. Yaani kabla ya Bwana M.

Matokeo

Bwana M alifidia dozi alizoruka, akamaliza matibabu mwishoni mwa Julai badala ya Mei. Makohozi yake ya mwezi wa tano wa matibabu na ya mwisho yalikuwa safi. Alipima kilo 58. Virusi vyake vilipopimwa baada ya miezi sita ya ARV vilikuwa bado juu. Baada ya miezi mitatu ya kumeza dawa sawasawa havikuonekana tena. Kidonge cha jioni aliendelea nacho wiki mbili baada ya rifampisini kuisha, maana ini halitulii siku hiyohiyo.

Kijana mpaka rangi na yule dada walipona. Watatu waliobaki kati ya wale wanne walimaliza dawa, mmoja akiwa amehamia Arusha kikazi na kuhamishiwa kliniki ya huko kwa simu tatu na barua moja. Wenye VVU ambao hawakuwa na TB walianzishiwa dawa za kuzuia.

Kilabu hakikufungwa. Mama aliondoa mabati mawili chini ya paa, kila upande moja, kwa fedha yake, akahamishia benchi nne chini ya mparachichi. Nilipopita Julai bila taarifa, ubaridi wa mlima umeshuka, nikakuta matundu yote mawili yamezibwa kwa turubai na watu wamejibana ndani. Nilikasirika, nikajizuia. Ni baridi kweli. Tulikubaliana turubai lifungwe upande unaotoka upepo tu, na mlango ubaki wazi wote. Wakati mwingine ninakuta hivyo, wakati mwingine sikuti.

Uchambuzi

Niseme kwanza ambalo hatuwezi kulithibitisha. Hatukuchunguza vinasaba vya vimelea, kwa hiyo siwezi kuapa kuwa wagonjwa hawa wote walipeana ugonjwa mmoja. Karibu robo ya watu duniani wamebeba vimelea vya TB bila kuugua, na katika mitaa kama hii mtu anaweza kuambukizwa kwenye daladala, kanisani au mahabusu. Lakini watu saba wenye TB ndani ya miezi michache, wote wanakaa chumba kimoja saa tatu kwa siku, hawahitaji maabara ya mbali ili mtu achukue hatua.

Kosa letu kubwa lilikuwa swali. "Unaishi na nani?" linamfaa vizuri mama wa nyumbani na mtoto. Kwa mwanaume anayelala nyumbani saa sita na kukaa kilabuni saa nne, linaficha zaidi ya linavyofichua. Tafiti katika miji ya Afrika yenye TB nyingi zimeonyesha kuwa sehemu kubwa ya maambukizi hutokea nje ya kaya. Nililijua hilo kutoka darasani. Sikulipeleka kwenye fomu, kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi ya kaya na nafasi ikijaa mtu hujiona amemaliza. Asilimia mia yetu ilikuwa ya kweli na haikuwa na maana.

Lililotuokoa lilikuwa kwenye kadi muda wote. Mgonjwa akiulizwa nani atamsaidia, humtaja mtu anayemwona kila siku, na anayeonwa kila siku ndiye anayevuta hewa moja naye. Sehemu ile ya kadi tuliichukulia kama namba ya kumtafutia mtoro. Kumbe ilikuwa ramani. Siku hizi kila mwisho wa mwezi ninapitisha kidole kwenye namba za wasaidizi wote wa robo mwaka, na kando ya jina la mgonjwa ninaandika kwa mkono jibu la swali moja: jioni unakaa wapi?

Kuhusu pombe. Mnywaji mkubwa ana hatari ya kuugua TB takriban mara tatu ya asiyekunywa hivyo, na mwenye VVU asiyetibiwa ana hatari kubwa zaidi ya hapo kwa mbali. Kwa hiyo watu tuliokuwa tunawapa sharti la kuacha pombe ndio waliokuwa wengi kliniki kwetu. Sharti lile lilitungwa kulinda ini. Kwa Bwana M liligharimu dozi moja kati ya kila tatu, na dozi zinazorukwa ndizo zinazozaa usugu. Hakupata usugu. Ni bahati, na sitaki mtu asome hapa akadhani ni ujuzi wetu. Pia tulikuwa na dalili mwezi wa pili wa matibabu, makohozi yenye vimelea, na badala ya kuhesabu vidonge tuliuliza swali ambalo jibu lake ni ndiyo.

Neno "mgonjwa wa kwanza" nalo lilituponza. Bwana M alikuwa wa kwanza kwenye rejista yetu, basi mtaa mzima ukaamini yeye ndiye aliyeleta. Alitengwa kilabuni, mke wake aliacha kuuziwa mboga kwa mkopo. Habari za Mzee K zinaonyesha uwezekano mkubwa kuwa M alipokea, hakuleta. Nilikwenda nyumbani kwao kumwambia hivyo mke wake akiwapo, bila kutaja jina la mtu. Hakusema kitu. Aliingia ndani akarudi na kikombe cha uji.

Kuhusu Mzee K sina utetezi. Dawa za miezi sita ziendelee, na ndugu aendelee kuchukua pale inapobidi. Ila maswali manne ya TB hayawezi kujibiwa na mtu asiyekohoa yeye. Sasa dawa zikichukuliwa na mwingine, fomu inabaki wazi mpaka mwenye dawa apigiwe simu, na tunamsikiliza akizungumza: mwenye pumzi fupi husikika. Mara mbili tayari simu hizo zimemleta mtu kituoni.

Kutofunga kilabu naona kulikuwa sahihi, ingawa turubai la Julai linanikumbusha kuwa uamuzi huo una gharama kila msimu wa baridi. Upimaji wa mambo yote kwa pamoja ulitusaidia kuingia, lakini ulitula muda. Jioni ya kwanza tulipima shinikizo la damu la watu arobaini na makohozi ya watu wawili. Ningerudia leo, ningeanza na mparachichi.

Kuna mtu mmoja ambaye hatujampata. Wagonjwa wawili walimtaja, tingo wa lori aliyekuwa akikaa benchi moja na Mzee K na kukohoa sana, aliyeacha kuja tangu Desemba. Jina lake halisi hakuna anayelijua. Mama anasema lori lilikuwa la mahindi na lilikuwa likienda upande wa Babati. Jina lake la utani nimeliandika kwa penseli ukurasa wa mwisho wa rejista, na Mama ana namba yangu.